Bomu limelipuka Istanbul na tiketi iko mkononi: uende au usiende?

Bomu la mtaa wa Istiklal lililipuka Jumapili ya tarehe 13 Novemba 2022, saa kumi na dakika ishirini jioni. Saa za Istanbul ni zile zile za Dar es Salaam, kwa hiyo magharibi ilipoadhiniwa picha zilikuwa zimeshajaa kwenye makundi yetu ya WhatsApp ya Kariakoo. Watu 6 walikufa na 81 wakajeruhiwa.

Sisi tunaofuata nguo Uturuki tuliisoma habari ile kwa jicho letu. Maduka mengi ya jumla ya Laleli, mtaa wa Istanbul tunakonunulia nguo, hufunga Jumapili. Siku hiyo mfanyabiashara hana pa kwenda, na asiye na pa kwenda Istanbul hupanda zake Taksim, akateremka Istiklal kwa miguu, akala, akapiga picha na ile tramu nyekundu ya kizamani. Kwa hiyo siku ile, saa ile, mtaa ule, mmoja wetu angeweza kabisa kuwapo.

Tiketi yangu ilikuwa ya mwisho wa mwezi huo huo, na wateja wa nguo za watoto za Krismasi walishaweka advansi. Niliogopa, na nikaenda. Lakini mwaka uliotangulia nilimkatalia binamu yangu mtaji wa safari nyingine kwa hofu hiyo hiyo ya magaidi, na leo akiniomba kwa hali ile nitamkatalia tena. Wanaoniuliza kuhusu kusafiri huwa wanataka jibu la ndiyo au hapana. Mimi nina njia ya kupima tu, na safari hizi mbili ndizo zinazoionyesha vizuri.

Kwanza niseme jambo kuhusu wale wa "ajali haina kinga". Ukiwaambia unaogopa, wanakujibu kifo hakichagui mahali. Ni kweli. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapa hapa Kariakoo, asubuhi watu wakiwa kazini, likaua zaidi ya 20. Barabara za Kenya peke yake huua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na hakuna aliyeacha kupanda basi la Nairobi. Ila ukiifuata hoja hiyo hadi mwisho, basi hakuna safari ya kukataa hata moja, nenda popote. Mimi naiona ni njia ya kumnyamazisha mtu aliyetaka kufikiri.

Swali la kama shambulio litatokea halina mwenye jibu, hata polisi wa nchi yenyewe. Ninalojiuliza mimi ni hili: likitokea nikiwa kule, siku ya pili yake patakuwaje? Uwanja wa ndege utafanya kazi? Hospitali zipo? Njia ya kutoka ipo, na ipo zaidi ya moja?

Istanbul ina historia, tusidanganyane. Mwaka 2016 ulikuwa mbaya sana kwao. Januari Sultanahmet, ambako wengi wa waliouawa walikuwa watalii wa Kijerumani. Machi hapo hapo Istiklal. Tarehe 28 Juni uwanja wa ndege wa Atatürk, watu zaidi ya 40. Mwaka mpya wa 2017 ukaingia na mauaji ya klabu ya Reina, watu 39, wengi wao wageni. Baada ya hapo mji ukakaa karibu miaka sita bila shambulio kubwa la namna hiyo, hadi ile Jumapili. Lakini tazama kilichofuata kila mara. Uwanja wa Atatürk ulirudisha ndege angani baada ya saa chache. Istiklal ilifunguliwa asubuhi ya Jumatatu, mabenchi yameondolewa kwa sababu bomu liliachwa penye benchi, bendera zimetundikwa mtaa mzima. Ni mji wa watu zaidi ya milioni 15, una magari ya wagonjwa, una polisi kila kona, una ndege na mabasi kwenda kila upande. Ubaya ukitokea, unatokea mtaani, na mji unaendelea.

Binamu yangu yeye ni wa Mtwara. Zamani alikuwa akivuka Ruvuma kupeleka ndoo, sabuni na mitumba Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kama walivyofanya wazee wetu tangu huo mpaka haujachorwa. Mambo yakaharibika tangu Oktoba 2017, waasi walipoushambulia mji wa huko wa Mocímboa da Praia. Agosti 2020 wakauteka mji huo kabisa. Oktoba ya mwaka huo wakavuka hadi kijiji cha Kitaya, upande wetu. Mwanzoni mwa 2021 binamu akanipigia: Palma, mji mwingine wa huko, chakula kimepanda bei, atakayefikisha mzigo anatengeneza pesa. Nikamuuliza kwa nini kimepanda. Akasema barabara zimekatwa. Basi mazungumzo yakaishia hapo kwa upande wangu. Faida aliyokuwa akiifuata ilitokana na jambo lile lile linalomfanya mtu ashindwe kutoka.

Tarehe 24 Machi 2021 Palma ikashambuliwa. Mimi si mtabiri, sikujua kama ni mwezi ule wala mwaka ule. Nilichojua ni kwamba mji hauna barabara. Waliokuwa wamejificha hotelini walizingirwa kwa siku kadhaa, na wengi waliookoka walitoka kwa boti kwenda Pemba, ile ya Msumbiji. Tangu hapo hali imebadilika, majeshi ya Rwanda yaliingia Julai mwaka huo na Mocímboa ikarudi mikononi mwa serikali mwezi uliofuata. Lakini atakayenishika shati leo kuhusu kwenda huko, swali langu ni lile lile la barabara.

Sasa jinsi ya kupata majibu hayo ukiwa umekaa Dar. Watu hufungua tovuti za serikali za Ulaya na Marekani, wakiona onyo wanaishiwa nguvu. Zisome, lakini soma maeneo, usiishie kwenye jina la nchi. Uingereza huwaonya raia wake wasifike ndani ya kilomita 10 za mpaka wa Uturuki na Syria. Huko na Laleli ni mbali, basi la kutoka Istanbul hadi Gaziantep hukesha barabarani. Na hao hao Waingereza wanawaonya watu wao kuhusu mpaka wetu wa Mtwara na Msumbiji. Je, wewe wa Sinza umehama?

Kilichonisaidia zaidi ni simu. Wakala wangu wa mizigo kule ni kijana wa Goma, anaishi Aksaray, jirani na Laleli. Jumatatu ile nilimtumia ujumbe wa sauti, na nilichagua maneno. Wakala ukimuuliza "huko salama?", atakujibu "hakuna shida, njoo", kwa sababu anakula kwenye mzigo wako. Kwa hiyo sikumuuliza hivyo. Nilimuuliza: tramu ya T1, hiyo inayopita Laleli, inatembea mpaka wapi? Ofisi yenu imefungua saa ngapi leo? Kago iliyotakiwa kutoka Jumapili usiku imetoka? Polisi wanakagua nini njiani?

Akajibu yuko ndani ya tramu, nasikia mpaka ile sauti inayotangaza vituo. "Dada, tramu inatembea, mi niko ndani. Kago imetoka. Polisi ni wengi Aksaray, wanaomba paspoti kila hatua, wewe ukikuja usiiache hoteli." Sauti ya kituo kinachotangazwa niliiamini kuliko taarifa yoyote. Nikamuuliza na dada mmoja muuzaji wa Laleli ninayenunua kwake gauni za watoto, nikamwomba anipigie picha dirisha lake la dukani. Akanipigia, na watu wanaonekana nyuma wakibeba seri zao, yaani nguo zinazouzwa kwa seti ya saizi, kwenye mifuko.

Uliza maswali ambayo mtu hawezi kuyapamba. Na umuulize zaidi ya mmoja, hasa asiyefaidika na safari yako.

Jambo zito kwangu lilikuwa mama, hofu yangu mwenyewe nilishaimudu. Mama yuko Tanga, ila mwaka 1998 alikuwa Msasani. Tarehe 7 Agosti ubalozi wa Marekani barabara ya Laibon ulipolipuliwa, wakafa watu 11 kwetu na zaidi ya 200 Nairobi asubuhi hiyo hiyo, mama alisikia mshindo ule akiwa jikoni. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia "usijali, mama". Anajua sauti ya kitu anachokiogopa kuliko wewe unayemtuliza.

Alipiga simu usiku wa ile Jumapili ya Istiklal. "Mwanangu, hizo nguo hazitoki kwingine?" Sikubishana naye. Nilimwambia nitalala hoteli gani, iko mtaa gani, asubuhi natoka saa ngapi, nitampigia saa ngapi. Tukakubaliana mambo mawili: Jumapili siendi Taksim, na kabla ya mkesha wa mwaka mpya nimesharudi. Akanipa la tatu ambalo sikulitarajia. Niandike madeni yangu yote, ninaodai na ninaodaiwa, na marejesho ya kikoba, nimwachie mume wangu. Nilifanya hivyo, na hadi leo hakuna safari ninayoondoka bila daftari lile. Ukishindwa kukaa chini ukaandika wasia wako kwa sababu unaona ni uchuro, basi hujakubali bado kwamba safari ina hatari, na ni vigumu kuipima hatari usiyotaka kuitazama.

Akisema mzazi "usiende", sikiliza anaogopa nini hasa. Mama hakuogopa nife tu. Aliogopa kukaa siku mbili bila kujua niko wapi. Na hilo lina ukweli wake: baada ya mlipuko ule serikali ya Uturuki ilibana baadhi ya mitandao ya kijamii na kuzuia vyombo vya habari kurusha habari zake kwa saa kadhaa. Ndugu yako akikutafuta kwenye Instagram na wewe huonekani, kwake umeshakufa. Kwa hiyo hakikisha laini yako ya Tanzania inapokea simu na meseji za kawaida nje ya nchi, na mkubaliane: likitokea lolote, nitatuma neno moja kwa meseji. Kumbuka pia kwamba ubalozi wetu uko Ankara, si Istanbul. Namba yake iandike kwenye karatasi, simu huibwa.

Na tukizungumzia wizi. Hatari iliyokuwa karibu nami zaidi safari ile ilikuwa kiunoni mwangu, zile dola. Aksaray na ndani ya tramu kuna wenye vidole vyepesi, na mtu aliyejawa na hofu ya mabomu anatazama mabegi ya watu na kusahau la kwake. Wenyewe wa Istanbul ukiwauliza wanaogopa nini, watakutajia tetemeko la ardhi kabla ya bomu. Februari 2023, miezi michache tu baadaye, tetemeko la kusini-mashariki liliua zaidi ya watu 50,000 nchini mwao. Sijui kama kuna aliyewahi kuahirisha safari ya Laleli kwa kuogopa tetemeko. Mimi siku hizi naomba chumba cha ghorofa za chini, na kwenye jengo lisilo kuukuu.

Kuhusu fedha, haraka haraka. Bima ya safari isome kwenye kipengele cha yasiyolipwa: nyingine hulipia matibabu ukijeruhiwa kwenye shambulio, nyingine hazilipii kabisa shambulio wala vita. Na karibu zote hazirudishi nauli kwa sababu umeogopa. Ndiyo maana nanunua tiketi inayobadilishwa tarehe, hata kama ni ghali kidogo. Hofu yenye tarehe ya kusogeza mbele ni nyepesi kuliko hofu ya "nenda sasa au hela ipotee". Wengi ninaowajua walioenda mahali wasipotaka kwenda, walisukumwa na tiketi.

Ukifika uwanja wa ndege, ingia ndani. Uturuki wanakagua mizigo mlangoni kabisa kabla ya kaunta, na mwaka 2016 washambuliaji walianzia maeneo hayo ya mlangoni. Kuagana, kupanga upya mabegi, kusubiri mwenzako, fanyia ng'ambo ya ukaguzi. Na uwekee moyo wako siku ya mwisho ya kuamua. Mimi nilijipa hadi Ijumaa. Baada ya hapo nilitoka kwenye makundi mawili yaliyokuwa yakirusha video, maana nyingine zilikuwa za 2016 zimepewa tarehe mpya.

Kama umepima na jibu ni hapana, usiende, na usione aibu kwa waliokwenda wakarudi salama. Wapigie wateja siku hiyo hiyo uliyoamua. Mwambie mwenye advansi achague: arudishiwe, au umnunulie kupitia wakala kwa simu ya video, ukimtajia kamisheni ya wakala na kwamba rangi huenda zikatofautiana kidogo. Kwa wakala usitume fedha yote kwa mpigo. Tuma nusu, aonyeshe mzigo ukifungwa na uzito kwenye mizani, ndipo utume iliyobaki.