Kwa mdogo wangu wa Lamu: kazi ya papa huanzia dikoni

Mdogo wangu, umeuliza mawili: kama msichana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuishi kwa kuchunguza papa, na umjibu nini babako anayesema bahari si mahali pa mwanamke. Nakujibu kutoka Malindi, ninakopima papa mwaka wa kumi na moja sasa.

Kazi ipo, na sehemu yake kubwa haifanyiki chini ya maji. Inafanyika dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, alfajiri, mashua za jarife, ule wavu mkubwa wa papa, zikiingia, katikati ya wachuuzi na mama karanga, wanawake wanaokaanga na kuuza samaki. Una dakika chache kabla ya kisu: urefu, dume au jike, aina gani, kavuliwa wapi. Kisha mapezi yanakwenda huku, nyama kule, ini linatengwa litoe sifa, yale mafuta ya kupaka vyombo, na papa wako hayupo tena.

Miezi ya mwanzo sikupata kitu. Nilishuka na utepe na fomu, nikasalimu juu juu, nikaanza maswali. Wavuvi wakawa wanawakatakata papa kabla sijafika. Niliumia, lakini haki ilikuwa yao. Kabla yangu alikuja mtafiti akahesabu samaki wao msimu mzima, akaondoka, asirudi hata kuwaambia aliona nini. Isitoshe, wengi waliamini kwamba samaki akishapimwa, bahari itafungwa. Hifadhi ya bahari ya Malindi ilitengwa mwaka 1968, na wapo wazee wanaokutajia mpaka leo miamba waliyokuwa wakivua baba zao.

Basi fomu nikaiacha nyumbani. Nikawa nabeba ndoo, nakaa na mama karanga, nasikiliza. Asubuhi moja nahodha mzee akaniita: "Njoo mwanangu, watazame hawa." Walikuwa mbingusi, wale papa wa kichwa cha nyundo, wadogo, urefu wa dhiraa moja hivi. Akamgeuza mmoja chali, akaniwekea kidole kati ya mapezi ya kifua. Palikuwa na kitovu. Kidonda chake kilikuwa bado wazi, chekundu. Mbingusi hatagi mayai. Hulea watoto tumboni kwa kondo, na kovu hilo huziba muda si mrefu baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo wale walikuwa wachanga kabisa, hawajafika mbali na walikozaliwa. Mzee akasema huwapata kila mwaka, maji ya mto Sabaki yakishatia wekundu baharini. Chuoni nilisomeshwa mazalio ya papa kwenye vitabu. Mahali penyewe alinionyesha yeye.

Tangu hapo kila msimu ukiisha narudisha hesabu dikoni, kwa Kiswahili, mbele ya kamati ya BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia diko. Niliwaeleza kwamba jike la mbingusi huweza kupita miaka kumi kabla ya kuzaa mara ya kwanza, kwa hiyo akipungua harudi upesi kama dagaa. Biashara yake iliwekwa mwaka 2013 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, lakini mkataba haumlishi mtu kijijini Mambrui. Wenye mashua za mashine walikubali kuweka jarife mbali na mlango wa mto watoto wanapokuwapo. Wenye madau walikataa, kwani kusi ikivuma hawana pengine pa kwenda. Sikuwashinikiza, na sitawashinikiza. Kumwambia mtu aache wavu bila kumuuliza wanawe watakula nini ni dhuluma, hata ukiiita uhifadhi.

Kuhusu masomo: shika biolojia, kemia, na hesabu usiiache kamwe, maana takwimu ndizo zitakazokula siku zako nyingi. Chuo Kikuu cha Pwani hakiko mbali, kipo Kilifi. Jifunze kuogelea. Pesa si za uhakika. Mikataba mingi ni ya mwaka au miwili, na mimi kuna miezi nimeishi kwa kufundisha watoto wa jirani. Anza sasa na daftari: andika majina ya papa kama wanavyoyataja wavuvi wa kwenu, Kizingitini au Faza, na mwezi wanaowaona.

Babako usibishane naye. Mwombe afuatane nawe dikoni bamvua lijalo. Wangu alikuja hivyo hivyo, akasimama kando amefunga mikono, hasemi. Siku hizi ndiye anayenipigia simu alfajiri: "Mwanangu, chombo kimeingia na papa, fanya haraka."