Jibu: Ndege wa mtoni Amani si yule wa mapaa ya mjini

Ndugu, umeuliza kama ndege mdogo anayetikisa mkia uliyemwona mtoni Amani, Usambara Mashariki, ni yule yule wa mapaa ya mjini. Si yeye. Wa mjini, kwa jina la kisayansi, ni Motacilla aguimp: mgongo mweusi, na kifuani ana utepe mweusi mpana. Wako, kwa maelezo yako ya mgongo wa kijivu, ni Motacilla clara. Tumbo lake ni jeupe, utepe wa kifua mwembamba kama uzi, na mkia mrefu kuliko unavyotegemea kwa ndege mdogo hivyo. Kama tumbo lingekuwa la njano, ningefikiria Motacilla cinerea, mgeni wa majira ya baridi ya Ulaya.

Kumtafuta tena, achana na sehemu ambazo maji yametulia. Nenda penye mawe na povu, ukague mawe yenye madoa meupe ya kinyesi. Hapo ndipo anaposimama kudonoa wadudu na mabuu yao. Dume na jike wake hushika kipande chao cha mto mwaka mzima, kwa hiyo ukikaa kimya mahali pamoja watarudi. Wengi hukosea kwa kumfuata: anaruka mbele, anafika mwisho wa eneo lake, kisha anazunguka na kurudi nyuma yako.

Kiota huwa kwenye ufa wa mwamba au ukingo juu ya maji, mayai 2 au 3. Ukimwona amebeba wadudu mdomoni bila kuwameza, ondoka hapo upesi, tafadhali. Makinda yanasubiri.