Picha zangu ni safi, mbona alama ni za wastani?

SWALI: Mhariri mpendwa, niko katika miaka miwili ya mwisho ya sekondari na nimechagua sanaa na usanifu. Huchora nyuso kwa kufuata picha za kamera, na kila anayeziona husema zimefanana kabisa na wenyewe. Hata hivyo, mwalimu hunipa alama za wastani na kuandika kwamba kazi yangu haina uchunguzi. Wazazi nao wanauliza somo hili litanifikisha wapi. Nifanye nini?

JIBU: Mwanafunzi mpendwa, mkono wako umekwisha kuwa mwepesi, na hilo si jambo dogo. Lakini anayenakili picha ya kamera hupokea maamuzi ya mwingine: pa kusimama pamekwisha kuchaguliwa, mipaka imekwisha kuwekwa, na umbo lenye kina limekwisha kulazwa bapa. Katika ngazi yako mtahini hutaka pia kuona jinsi wazo lilivyoanza, lilivyojaribiwa na kwa nini likabadilika. Huo ndio uchunguzi anaousema mwalimu wako, na mahali pake ni daftari la michoro.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Guernica, mchoro mkubwa ambao Pablo Picasso aliufanyia kazi mjini Paris mwaka 1937, baada ya mji wenye jina hilo nchini Hispania kushambuliwa kwa mabomu. Michoro yake ya maandalizi imehifadhiwa, mingi ikiwa na tarehe, na mpiga picha Dora Maar aliipiga picha turubai, yaani kitambaa kilichochorwa, kazi ikiendelea. Kutokana na kumbukumbu hizo tunajua kwamba mwanzoni askari aliyeanguka alikuwa ameinua mkono uliokunjwa ngumi, na kwamba baadaye Picasso aliuondoa. Turubai iliyokamilika, peke yake, isingetuambia kwamba ngumi hiyo iliwahi kuwapo. Nawe mwonyeshe mtahini ngumi zako ulizoziondoa.

Kwa hiyo chagua jambo moja, tuseme mikono ya watu wanaofanya kazi, ukae nalo kwa wiki kadhaa. Ichore ukiwa mbele ya mtu mwenyewe, kwanza haraka, kisha polepole. Badilisha upande unaotoka mwanga. Tumia penseli laini za kundi la B kwa vivuli vizito na ngumu za kundi la H kwa mistari myembamba, kisha ujaribu makaa, wino na karatasi zilizokatwa. Kando ya kila jaribio andika tarehe, ulichokuwa unakitafuta, kilichokushinda na utakachojaribu baadaye, kwa sababu maneno kama “nimeupenda mchoro huu” hayamwelezi msomaji chochote. Tafadhali usichane kurasa zilizoharibika. Kamera si haramu, ila picha zipige wewe mwenyewe, uzitumie kama kumbukumbu tu.

Upande wa usanifu hudai jambo la ziada, yaani mtumiaji. Kiti, jalada la kitabu au alama ya kuelekeza njia huanza na swali la nani atakitumia na kitatengenezwa kwa malighafi gani. Shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus, iliyofunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, iliwapitisha wanafunzi wapya katika kozi ya awali ya kuchunguza rangi, maumbo na tabia za malighafi kabla ya kuwaruhusu kuingia katika karakana. Nawe kunja karatasi, funga uzi, jenga mfano mdogo wa kadibodi uone unavunjikia wapi, kisha uupige picha kabla ya kuurekebisha.

Kuhusu wazazi, waonyeshe daftari lenyewe, kwa kuwa wakiona fikra zako zikifuatana ukurasa kwa ukurasa wataelewa zaidi kuliko kwa maelezo ya mdomo. Usanifu wa mavazi, samani, vitabu na majengo ni kazi halali zenye vyuo vyake, na vyuo vingi huomba mkusanyiko wa kazi za mwombaji. Soma masharti ya kujiunga mapema, hasa ukivutiwa na usanifu wa majengo, ambako mara nyingi hisabati huhitajika pia, ili usije ukaliacha somo utakaloulizwa baadaye.