Mgonjwa wa moyo na mazoezi: namna ya kumsaidia asiishie njiani

Kumwanzishia mazoezi mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo si jambo gumu kama wengi wanavyodhani. Akitoka hospitali akiwa bado na hofu ya yaliyompata, daktari akamwambia atembee, atatembea. Kazi huanza baadaye, katika mwezi wa tatu au wa nne, mafua yakishampitia, miguu ikishavimba tena na dawa kubadilishwa, na wale waliokuwa wakimjulia hali kila siku wakisharudi kwenye shughuli zao. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya na wagonjwa wa aina hii. Nimejiridhisha kwamba wengi wanaoacha mazoezi si wavivu hata kidogo; huacha kwa sababu mpango waliopewa ulitengenezwa kwa ajili ya siku zao nzuri peke yake. Ninayoyaandika hapa nayaelekeza kwa mgonjwa mwenyewe na vilevile kwa mtu anayeishi naye, kwa kuwa mazoezi haya huponea au hufia nyumbani.

Kwanza ni vizuri kuelewa kwa nini tunayasisitiza. Kwa miongo mingi mgonjwa wa namna hii aliagizwa alale na kupumzika, na bado wapo wazee wanaolikumbuka agizo hilo na kulishika. Tafiti zilizofanywa kuanzia miaka ya 1980 zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya uchovu wake haitoki moyoni moja kwa moja. Misuli ya mapaja na ya miguu, isipotumika na isipopata damu ya kutosha, husinyaa na kupungukiwa na uwezo wa kutumia oksijeni, hivyo hata ngazi chache humwacha akihema. Mazoezi ya wastani huirudishia misuli hiyo sehemu ya nguvu zake, hata pale ambapo vipimo vya moyo wenyewe havibadiliki sana. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu mgonjwa anayesubiri kipimo cha moyo kibadilike ndipo aamini kwamba anafanya kitu cha maana hukata tamaa mapema. Mwambieni atazame ngazi za nyumbani, muda anaotumia kuoga na kuvaa bila kuketi, na umbali anaoweza kwenda kabla ya kusimama. Huko ndiko mabadiliko huonekana kwanza.

Kwamba kuendelea ni kugumu kuliko kuanza si hisia yangu tu. Utafiti mkubwa uitwao HF-ACTION, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2009, ulifuatilia wagonjwa 2,331 katika nchi za Marekani, Kanada na Ufaransa. Waliopangiwa mazoezi walianza na vipindi 36 chini ya usimamizi, kisha wakaendelea nyumbani wakiwa wamepewa baiskeli ya mazoezi au mashine ya kutembelea pamoja na kifaa cha kupima mapigo ya moyo. Lengo lilikuwa dakika 120 kwa wiki. Kati ya mwezi wa nne na wa sita, nusu yao hawakufikisha dakika 95. Ilipofika mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili, nusu yao hawakufikisha hata dakika 74. Hao walikuwa watu waliokubali wenyewe kuingia kwenye utafiti, wenye vifaa na wafuatiliaji. Kwa hiyo mgonjwa wako akilegea, usimwone kuwa ameshindwa na jambo ambalo wenzake wote wanaliweza.

Adui wa kwanza ni hofu. Mtu aliyewahi kuamka usiku akitafuta hewa hawezi kuichukulia pumzi inayopanda kama jambo la kawaida. Mwili unamwambia kwamba yale ya siku ile yanarudi. Kumhakikishia kwa maneno matupu hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kumfundisha kuitofautisha pumzi ya mazoezi na pumzi ya ugonjwa, na kumfundisha akiwa anatembea. Pumzi ya mazoezi hupanda taratibu kadiri anavyoongeza mwendo, na hushuka ndani ya dakika chache akipunguza au akisimama. Pumzi ya ugonjwa humjia hata akiwa ameketi au amelala, au hukataa kutulia baada ya kupumzika. Mgonjwa akishaiona tofauti hiyo kwa mwili wake mwenyewe, mara kadhaa, akiwa na mtu anayemwamini pembeni, hofu hupungua kuliko kwa mahubiri ya aina yoyote.

Wengi huuliza kama wapime mapigo ya moyo ili wajue kasi inayofaa. Kwa wagonjwa hawa mapigo yanaweza kudanganya, kwa sababu baadhi ya dawa wanazotumia huyapunguza hata wakati wa juhudi. Njia ninayoipendelea ni ya mazungumzo. Atembee kwa mwendo ambao anaweza kusema sentensi nzima bila kukatiza katikati ili avute hewa. Akiweza kuimba, aongeze kidogo. Akitoa neno mojamoja, apunguze. Kliniki nyingi hutumia pia kipimo cha mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Borg, ambacho huanzia 6 hadi 20, na mgonjwa hutaja mwenyewe uzito wa kazi anayoisikia mwilini. Kwa anayeanza, eneo la 11 hadi 13, yaani kati ya kazi nyepesi na kazi yenye ugumu kiasi, kwa kawaida linatosha.

Sasa niseme neno kwa watu wa nyumbani, na nalisema kwa heshima kwa kuwa najua linatoka kwenye upendo. "Mama, keti, tutakuletea." "Baba, usijichoshe, acha tufanye sisi." Maneno hayo yakirudiwa asubuhi hadi jioni humfundisha mgonjwa kwamba kila anaponyanyuka anahatarisha maisha yake. Halafu jioni mtu yuleyule anamwambia aende akatembee! Mwacheni ajichukulie maji yake, avae viatu vyake, akunje nguo zake akiwa ameketi kama anachoka. Anayemsindikiza kwenye matembezi atembee sambamba naye, asitangulie, na asimuulize kila baada ya hatua chache kama amechoka, kwa sababu swali hilo huelekeza fikra zote kwenye kifua. Amwombe amsimulie jambo: habari za ujana wake, au namna alivyojifunza kazi yake. Masimulizi yakitiririka, mwendo ni sahihi. Yakianza kukatika, wapunguze bila kulitangaza.

Kuna jambo moja dogo ambalo nimeliona likibadilisha mambo kwa wagonjwa wengi, nalo ni kiti. Mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia alikuwa akifika mlangoni, anashika fremu ya mlango kwa mkono wa kushoto, anaitazama njia, kisha anageuka na kurudi ndani akisema leo hajisikii. Nilipomuuliza kwa utulivu ni nini hasa anachokiogopa, alisema kwenda hakumtishi. Kinachomtisha ni kuishiwa nguvu akiwa mbali na kukosa namna ya kurudi. Tulikubaliana kuacha kabisa kwenda mbali. Tuliweka kiti kimoja karibu na mlango na kingine mwisho wa upande wa nyumba, naye akawa anakwenda kutoka kiti hadi kiti na kurudi. Mara nyingi hakuketi kwenye kile cha pili; alikigusa mgongo kwa vidole tu, akageuka. Lakini kilipoondolewa siku moja kwa ajili ya wageni, hakutoka. Kwa mwenye hofu ya aina hii, njia fupi inayorudiwa ni bora kuliko safari moja ndefu ya kwenda na kurudi, hata kama jumla ya hatua ni ileile.

Kuhusu kiasi, kabla ya kuanza hali yake iwe imetulia na daktari wake awe ameridhia. Aliyekuwa amelala kitandani kwa muda anaweza kuanza na dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku, na kuongeza dakika moja moja kadiri mwili unavyozoea. Mwanzo na mwisho viwe vya polepole kabisa, hasa mwisho: dawa zinazolegeza mishipa ya damu zinaweza kumfanya apate kizunguzungu akisimama ghafla baada ya juhudi. Kwa wazee waliodhoofika, kutembea peke yake hakutoshi. Utafiti uitwao REHAB-HF, uliotangazwa mwaka 2021, ulihusisha wagonjwa 349 wenye umri wa miaka 60 au zaidi waliokuwa wamelazwa kwa ajili ya moyo, na mazoezi yao yalijumuisha usawa wa mwili, nguvu, wepesi wa kujongea na ustahimilivu. Uwezo wao wa kufanya mambo ya kila siku uliongezeka kwa kiasi kikubwa, ingawa kurudi kulazwa hakukupungua kwa namna inayoonekana wazi. Kunyanyuka kitini bila kutumia mikono ni zoezi kamili. Asibane pumzi wakati wa kunyanyuka. Atoe hewa anapopanda.

Lipo pia suala ambalo wagonjwa wengi huona haya kulitaja, na ambalo huua mipango mingi kimyakimya. Dawa ya kupunguza maji mwilini humpeleka chooni mara nyingi katika saa chache baada ya kuimeza. Ukimpangia matembezi saa hizo, atakataa, na atatafuta sababu nyingine ya kukupa. Muulize anameza saa ngapi na ni lini choo huacha kumsumbua, kisha muda wa mazoezi upangwe hapo. Asibadilishe saa za dawa bila kuzungumza na daktari, lakini swali hilo hilo aliulize, kwa kuwa mara nyingi upo uwezekano wa kurekebisha.

Siku mbaya ndizo zinazoamua kama mtu ataendelea au ataacha, kwa hiyo zipangiwe tangu mwanzo. Naomba kila mgonjwa awe na mazoezi ya aina tatu yaliyoandikwa: ya siku nzuri, ya siku ya kawaida na ya siku mbaya. Ya siku mbaya yawe madogo kiasi kwamba hayahitaji ujasiri wowote, kwa mfano kuzungusha vifundo vya miguu akiwa ameketi, kunyoosha magoti, na kunyanyuka kitini mara tatu kama anaweza. Faida yake kwa misuli ni ndogo, lakini siku hiyo haihesabiki kuwa ameacha, na kesho yake hana haja ya kuanza upya. Vivyo hivyo siku nzuri iwe na mpaka. Nimeona wagonjwa wakijisikia vizuri siku moja, wakafanya kazi za wiki nzima, kisha wakalala siku mbili na kuamini kwamba mazoezi ndiyo yaliyowalaza.

Siku mbaya isichanganywe na siku ya hatari, na hapa sina mzaha. Uzito ukiongezeka kwa zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, miguu au tumbo likivimba kuliko kawaida, akihitaji mito zaidi ili alale, au akikosa hewa akiwa ametulia, mazoezi yasimame na kliniki ijulishwe siku hiyohiyo. Maumivu ya kifua, kuzimia, au mapigo yanayokwenda mbio ovyo bila kutulia ni ya dharura. Kwa sababu hiyo ajipime uzito kila asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula, na aandike kwenye daftari lilelile anamoandika dakika za mazoezi. Mwenye kifaa kilichopandikizwa kifuani cha kushtua moyo aulize mapema ni kasi gani ya mapigo asiikaribie, kwa kuwa kifaa hicho kinaweza kuichukulia kasi ya mazoezi kuwa ni hitilafu.

Baada ya kukatizwa, iwe kwa homa, msiba au kulazwa, asianzie pale alipoishia. Akilazwa, arudi karibu na mwanzo na asubiri ruhusa. Akikatizwa kwa siku chache kwa jambo dogo, nusu ya kiasi cha zamani ni mwanzo mzuri. Mwambieni mapema kwamba kukatizwa kutakuja. Anayelijua hilo hulichukulia kama sehemu ya mpango, na asiyelijua hulichukulia kama hukumu.

Ikiwa wiki zinapita na hata yale ya siku mbaya hayafanyi, halali vizuri, chakula hakina ladha na hataki kuonana na watu, msizidishe kumhimiza. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ni ya kawaida sana kwa wagonjwa hawa. Inakadiriwa kumpata takribani mmoja kati ya watano. Ni ugonjwa unaotibika, na kumlaumu mtu aliye nayo kwa kutotembea ni kumwongezea mzigo. Apelekwe kwa daktari, na daktari aelezwe waziwazi.

Siku ya kliniki mpelekeni na lile daftari. Daktari akiona uzito wa kila asubuhi, dakika zilizotembewa, na sentensi fupi kama "nilisimama mara moja" au "nilipumua vizuri", anaweza kurekebisha dawa na mazoezi kwa pamoja, jambo ambalo hawezi kulifanya kwa jibu la "naendelea vizuri." Na kabla hamjatoka, muulizeni ni nani wa kumpigia simu mazoezi yakikwama kati ya miadi hii na ijayo, kisha jina na namba viandikwe kwenye jalada la daftari.