Refa akikosea, mwenzake anyamaze?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Kayole, nimeanza kuchezesha besiboli ya vijana hapa Eastlands. Juzi tulikuwa waamuzi wawili: mimi nyuma ya mdakaji, mwenzangu, ambaye ni mkubwa kwangu, kwenye besi. Mpigaji alikimbilia besi ya kwanza, mpira ukamtangulia kidogo, mwenzangu akainua ngumi: ametoka. Lakini mimi niliona mguu wa mlinzi wa besi umenyanyuka. Kulikuwa na nafasi kati ya kiatu na besi, na mlinzi asipoigusa besi mpigaji hajatoka. Nikanyamaza kwa heshima. Kocha akalalamika, akaambiwa refa akishaamua ameamua. Je, ningesema? Na refa akigeuza uamuzi, si watu watamdharau?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Waamuzi wanapaswa kushauriana, na kosa likionekana lirekebishwe palepale. Hilo nalisema bila kusita. Ila wewe kupaza sauti kutoka nyuma, hapana. Sheria za besiboli zinamruhusu mwamuzi aliyetoa uamuzi kumwuliza mwenzake kabla ya kutoa kauli ya mwisho, na zinamkataza mwenzake kuingilia asipoulizwa. Kwa hiyo hukuvunja sheria kwa kunyamaza. Aliyepaswa kufungua mdomo ni mwenzako, kocha alipolalamika. Angesimamisha mchezo, akakuita kando, akakuuliza: "Mguu uliuonaje?"

Tena angekuuliza wewe hasa. Wewe ukimfuata mpigaji kwa nyuma, sambamba na mstari wa besi ya kwanza, unauona mguu ukivutwa kuelekea nyumbani, yaani pale mpigaji anapoanzia. Yeye akiwa ndani ya uwanja anautazama ubavuni, huku masikio yake yakisubiri mpira ugonge glavu. Hakuwa mzembe. Pale alipokuwa hakuna mtu ambaye angeuona mguu vizuri.

Sasa hofu yako ya dharau. Oktoba 19, 2004, Boston Red Sox walikuwa New York wakicheza na Yankees mchezo wa sita wa fainali ya ligi yao. Mark Bellhorn wa Boston alipiga mpira ukamgonga shabiki aliyekaa nyuma ya ukuta, ukarudi uwanjani. Refa akaamua kwamba haukuvuka ukuta. Waamuzi sita wakakutana, wakageuza, na wachezaji watatu wakahesabiwa kuwa wamefika nyumbani. Baadaye, kipindi cha nane, Alex Rodriguez wa Yankees akiwa anakimbilia besi ya kwanza alimchapa mrushaji wa Boston, Bronson Arroyo, mkononi, mpira ukamtoka kwenye glavu, na mwenzake Derek Jeter akakimbia mpaka nyumbani. Wakakutana tena: Rodriguez ametoka, Jeter arudi besi ya kwanza. Mara zote mbili uamuzi uliwaumiza wenyeji, katika uwanja wao, mashabiki wakirusha vitu mpaka polisi wakaingia kuuzunguka uwanja. Boston walishinda 4-2. Ninawaheshimu waamuzi wale kuliko refa yeyote aliyeng'ang'ania kosa lake.

Linganisha na Juni 2, 2010, huko Detroit. Mrushaji Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo. Amtoe mmoja tu, aingie katika historia kwa mchezo usio na doa, yaani bila mpigaji hata mmoja kufika besi. Mpira ulimtangulia mpigaji wa 27 kwa hatua nzima, lakini refa Jim Joyce akasema yuko salama. Uamuzi ukabaki. Joyce alipoiona video baada ya mchezo alikiri kosa lake hadharani, na kesho yake alilia uwanjani. Wakati huo, katika ligi kuu ya Marekani, video ilitumika kwa mipira ya kuvuka ukuta tu. Kuanzia 2014 ndipo ikapanuliwa kwa maamuzi mengi. Sisi huku hatuna video, tuna macho ya mwenzetu tu. Kuyaacha bila kuyatumia ni kuwaonea watoto wanaocheza.

Lakini si kila kosa linageuzwa. Mpira ukitambaa kando ya mstari na refa akapaza sauti kwamba uko nje, wote husimama: mkimbiaji haendelei, mlinzi haufukuzi tena. Ukisema baadaye kwamba ulikuwa ndani, utamweka nani kwenye besi ipi? Hapo uache kama ulivyo. Kesi yako ilikuwa nyepesi, hakuna mkimbiaji mwingine uliyemtaja: mpigaji anarudishwa besi ya kwanza, mchezo unaendelea. Na kushauriana si jambo geni. Mpigaji akizungusha gongo nusu akajizuia, mdakaji huomba refa wa besi aulizwe, na sijasikia mtu akilalamika kwamba refa wa nyuma ameshushwa hadhi.

Mtafute mwenzako wiki hii, mkiwa wawili tu, umweleze ulichokiona, na kocha asilisikie kwako kwanza. Mkipangwa pamoja tena, patana naye ishara kabla ya mrusho wa kwanza, kwa mfano kugusa ukingo wa kofia, maana yake "nina jambo, niulize." Yeye ataamua kuuliza au la. Akiuliza, mjibu kwa sauti ya chini, kisha yeye mwenyewe ndiye atangaze uamuzi mpya na kumweleza kocha wa upande wa pili sababu yake. Yote hayo yafanyike kabla ya mrusho unaofuata, kwa sababu ukisharushwa hakuna kurudi nyuma.