Re: Viza imetoka, karatasi za nini tena?

Salama, mkuu? Umeuliza kama viza ya Ujerumani ikishatoka bado utembee na ile bahasha yenye karatasi ulizoombea viza. Ibebe, tena mkononi. Mimi niliondoka Mbeya nimeitupia kwenye begi kubwa. Pale Frankfurt ofisa akataka tiketi ya kurudi na uthibitisho wa mahali pa kulala, begi bado halijashushwa. Nilitoka jasho la Kyela kwenye baridi ile! Picha za kwenye simu ndizo zilizoniokoa.

Kwanza isome stika yenyewe ya viza kwenye pasipoti. Viza yenye tarehe za mwezi mzima inaweza kuandikwa siku 15 tu za kukaa, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Halafu bima ya matibabu ya safari: isipungue yuro 30,000, ifunike safari yote.