Paka Halishwi Ugali: Chakula Bora cha Paka kwa Mfuko wa Nairobi

Katika ploti nyingi za Nairobi paka huletwa kwa ajili ya panya, na baada ya hapo huhesabiwa kuwa anajitegemea. Jioni anaachiwa ukoko wa ugali uliolowa mchuzi, maziwa kidogo kwenye kifuniko cha kopo, na siku ya samaki anatupiwa miiba. Anaishi, kweli. Lakini manyoya yanafifia na kunyonyoka, tumbo linaharisha kila mara, na paka ambaye bado ni kijana anatembea kama mzee. Mengi ya hayo huanzia kwenye sahani. Nimefuga paka kwa miaka mingi katika nyumba za kupanga hapa South B, na swali ninaloulizwa na majirani kuliko mengine yote ni hili: nimlishe nini, na pesa yenyewe ni hii? Jibu langu ni nyama. Na nyama inayomfaa paka zaidi, kwa bahati nzuri, si ile inayotundikwa mbele ya bucha kwa bei ya juu.

Mbwa anaweza kula mchanganyiko wa nyama na nafaka akanawiri. Paka hawezi. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu, jamii ambayo mpaka leo inaishi katika nyika zetu ikiwinda panya, ndege na mijusi, na mwili wake haujabadilika sana tangu hapo. Hutumia protini kujenga misuli, na huichoma pia kupata nguvu za kila siku. Ukimpunguzia protini, mwili hauwezi kusema basi tutabana matumizi. Unaanza kula misuli yake wenyewe. Utamu wa sukari hata hauonji. Ukimwona anakula ugali, anafuata mafuta na harufu ya mchuzi uliouchovya.

Kuna kitu kimoja ambacho kila mwenye paka anapaswa kukijua kwa jina: taurini. Hupatikana katika nyama na samaki, na mimea haina kitu. Mbwa hujitengenezea mwenyewe kwa kiasi kikubwa, lakini paka hutengeneza kidogo mno, kwa hiyo lazima aile. Akiikosa kwa miezi, sehemu ya nyuma ya jicho huharibika na anaweza kuwa kipofu kabisa, na misuli ya moyo hulegea, moyo unatanuka na kushindwa kusukuma damu. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka wengi waliokuwa na ugonjwa huo wa moyo walikuwa na upungufu wa taurini, na kwamba wakiongezewa, moyo unapata nafuu. Paka hao walikuwa wakila vyakula vya dukani vya wakati huo, si makombo. Basi fikiria paka wa ugali na maziwa. Na ndiyo sababu sipendi kabisa kuona paka akilishwa chakula cha mbwa mwezi baada ya mwezi: hakikutengenezwa kwa kuzingatia hilo.

Sasa twende bucha. Taurini nyingi iko kwenye moyo, na pia kwenye nyama nyeusi ya kuku, yaani mapaja, kuliko kwenye kidari cheupe. Moyo wa ng'ombe watu hawaugombanii. Kijana wa bucha ninakonunua ananijua, nikipita Jumamosi asubuhi ananiambia, “Mama, leo moyo uko, nikukatie?” Ananikatia nusu kilo, ananiongezea firigisi za kuku zikiwepo. Nikifika nyumbani naondoa mishipa migumu ya juu na mafuta yaliyoganda, nakata vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole, naweka kwenye sufuria na maji machache tu, yasiyozidi nyama. Yakichemka na nyama ikibadilika rangi mpaka ndani, naepua. Siongezi chumvi, Royco wala kitunguu. Na yale maji simwagi, kwa sababu taurini huyeyuka ndani ya maji. Ukimwaga supu umemwaga kile ulichokifuata bucha. Nagawa kwenye vibakuli pamoja na supu yake, vya siku mbili vinakaa kwenye friji, vilivyobaki vinagandishwa. Asiye na friji anunue robo kilo na aimalize siku hiyohiyo.

Napika nyama hiyo kwa sababu siwezi kujua imepitia wapi tangu machinjioni. Nyama mbichi inaweza kubeba bakteria wa salmonela, na pia toksoplasma, kimelea ambacho paka hukipata kwenye nyama mbichi au panya kisha hukitoa kwenye kinyesi. Nyumba yenye mama mjamzito isichukulie jambo hilo kwa wepesi. Lakini mifupa iliyopikwa usimpe, maana hupasuka kama vijiti na kuchoma utumbo.

Maini nayo paka huyapenda kupita kiasi, na hapo ndipo penye mtego. Yana vitamini A nyingi, ambayo paka anaihitaji kwa kuwa hawezi kuitengeneza kutoka kwenye karoti kama sisi. Ila ikizidi, haitoki. Hujilimbikiza, na baada ya muda mifupa ya shingo huota vinundu na kushikana, paka akashindwa hata kujilamba. Kipande kidogo mara moja au mbili kwa wiki kinamtosha. Paka anayelishwa maini tupu kila siku kwa sababu “ndiyo anayopenda” anaumizwa kwa mapenzi.

Vivyo hivyo nyama tupu bila kitu kingine. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, na paka porini hufidia kwa kutafuna mifupa ya panya. Mtoto wa paka anayelelewa kwa nyama pekee huishia na mifupa myepesi inayovunjika akiruka tu kutoka kwenye kochi. Kwa paka mkubwa ninayempikia, ganda la yai lililooshwa, likakaushwa na kusagwa mpaka likawa unga laini, linasaidia: nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo ya nyama isiyo na mfupa. Kwa paka mchanga au mwenye mimba, hesabu hizi za jikoni sizipendekezi hata kidogo. Hao wanunulie chakula kamili cha watoto wa paka.

Omena je? Omena ni baraka ya wenye paka Nairobi. Ni samaki mzima na mifupa yake midogo, kwa hiyo ina kalsiamu, na unaipata kila kibanda kwa vipimo vidogo. Shida yake ni mchanga. Iloweke kwenye maji ya moto, isugue, mwaga, rudia mpaka maji yawe safi, kisha ichemshe. Kuchemsha ni lazima, kwa maana samaki wa aina kadhaa wakiwa hawajapikwa huwa na kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka aliyeikosa huanza kuyumba na kupata degedege. Moto unakimaliza. Mimi huwapa omena mara mbili kwa wiki hivi, nikiiponda ndani ya chakula kingine. Samaki asiwe chakula chake cha kila siku. Paka huzoea harufu ile akakataa kila kitu kingine. Jodari wa mkebe tuliowekewa sisi binadamu, hasa mwenye mafuta na chumvi, mwache mezani.

Maziwa nitayapita haraka: paka wengi wakubwa hawawezi kumeng'enya sukari iliyomo ndani yake, na kuharisha kule unakoona asubuhi kumetokana na kibakuli cha jana jioni. Maji yanatosha.

Kuna vyakula vya dukani, na sivipingi. Kwangu ndiyo msingi: asubuhi punje kavu zilizo kamili, jioni chakula chenye maji. Ila soma pakiti. Iseme wazi kwamba ni chakula kamili cha paka, kwa umri gani, na orodha ya viungo ianze na nyama, kuku au samaki, kwa kuwa viungo hupangwa kuanzia kilicho kizito zaidi. Ikianza na mahindi na ngano, rudisha kwenye rafu. Ninachokwepa ni zile punje zinazopimwa kwa kilo kutoka kwenye gunia lililo wazi katika baadhi ya maduka ya agrovet. Bei inavutia, najua. Lakini hujui gunia limefunguliwa lini, mafuta yaliyomo huchacha kwa hewa na joto, na lebo hujaiona. Afadhali pakiti ndogo iliyofungwa, umalizie na moyo wa bucha.

Hapo kwenye “chenye maji” nataka kukaa kidogo, kwa sababu ya Sultani, dume langu. Paka ana kiu kidogo kwa asili; amezoea kupata maji kutoka kwenye kiwindwa chake, na panya ni maji kwa sehemu kubwa, kama asilimia 70. Punje kavu zina asilimia 10 hivi. Siku moja nilimwona Sultani anaingia kwenye karai la mchanga, anachuchumaa, anakaza, anatoka bila tone. Baada ya muda mfupi anarudi tena, safari hii analia. Dume ana mrija mwembamba wa mkojo, na fuwele (chembe ngumu zinazoganda kwenye mkojo) au kamasi zikiuziba, sumu hurudi kwenye damu na anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Hilo si la kungoja asubuhi. Daktari alimwekea mpira wa kutoa mkojo, akapona, na ushauri wa kwanza tuliopewa ulikuwa kumwongezea maji kwenye chakula. Ndiyo maana supu ya moyo haikauki nyumbani kwangu, na mabakuli ya maji yako sehemu mbili, mbali na sahani ya chakula na mbali na karai.

Sasa yale makombo ya mchuzi. Mapishi yetu huanza na kitunguu, na kitunguu saumu hufuata. Vyote viwili, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka mpaka akaishiwa damu. Kwa hiyo hata nyama iliyo ndani ya mchuzi wa kwetu usimpe. Mtengee chake kabla hujakaanga. Chokoleti pia hapana. Na ingawa si chakula, niliseme hapa kwa kuwa nimesikia watu wakilifanya: paka akiwa na homa usimpe paracetamol. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Kiasi kinategemea paka. Mkubwa wa kilo nne huhitaji kalori 200 hadi 250 kwa siku, sawa na gramu 60 hivi za punje kavu ikiwa anakula hizo tu. Aliyehasiwa apunguziwe, maana hunenepa upesi, hasa anayeishi ghorofani bila kutoka. Mtoto wa paka ale mara tatu au nne kwa siku mpaka afike miezi sita. Mshike mbavu kila baada ya majuma kadhaa: uzisikie chini ya vidole bila kukandamiza, lakini zisionekane kwa macho.

Ukiamua kubadilisha chakula, usibadilishe kwa siku moja. Changanya kipya kidogo na cha zamani kingi, ongeza polepole kwa wiki moja hadi siku kumi. Usimshindishe njaa ukitumaini atasalimu amri. Paka asiyekula kwa siku mbili au tatu, hasa mnene, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza, na huo ni ugonjwa wa kuua. Akigoma kabisa, mrudishie chakula alichokizoea na uanze upya kesho kwa kijiko kimoja. Akigomea hata hicho siku nzima, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko kule Kabete, na mitaani kuna madaktari wengine waliosajiliwa. Beba pakiti ya chakula chake uende nayo, waone anachokula.